Ukiyeyusha plastiki mbili hupati ya tatu: niliyowaambia wasaga plastiki na mafundi pale Ngamiani, Tanga

Wengi mmeniomba niyaweke hapa yale maongezi ya Ngamiani, haya basi, nimeyaandika jinsi nilivoyasema, nimeruka tu pale maiki ilipokuwa inakatakata na pale watu walipoanza kubishana bei ya madumu.

Shikamooni wazee wangu. Kina mama hamjambo, vijana mambo vipi. Asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Nawashukuru kwa kuniita na nashukuru zaidi kwa kuja na vipande vyenu, maana niliomba kila mtu aje na kitu alichotengeneza na ikiwezekana kiwe kimevunjika, naona meza imejaa, mpaka kuna mtu kaleta kiti kizima kilichopasuka mguu.

Tuanze na hiki hapa. Hii ni mbao ya plastiki, mwenyewe kaniambia ndani yake kuna vifuniko vya chupa, madumu ya mafuta ya kula, ndoo zilizochoka na vikombe vya mtindi, vyote vimesagwa pamoja vikapita kwenye mashine vikaingia kwenye moldi. Kwa nje iko safi, nyeusi, inang'aa, ukiibonyeza ngumu, ukijaribu kuikunja kwa mkono inakugomea, unasema hii mali. Mteja akaifanya ubao wa benchi, mtoto karuka juu mara moja, ikakatika pale pale, haikupinda kwanza wala haikutoa onyo. Sasa angalieni pale ilipokatikia, naomba ipitishwe mpaka kwa watu wa nyuma. Mnaona ina matabaka? Ukiingiza ukucha unabandua ngozi nyembamba, chini yake kuna ngozi nyingine, na katikati kuna vijinyuzi. Plastiki ya aina moja haivunjiki hivo. Na hili ndo nililolijia leo, yaani nikiondoka hapa mmelielewa hili moja basi mimi nimeridhika.

Watu wengi wanaamini ukiyeyusha plastiki mbili pamoja unapata plastiki ya tatu yenye sifa za katikati. Hupati. Karibu kila mara unabaki na zile zile mbili, ziko ndani ya kipande kimoja lakini kila moja iko kivyake, na mpaka kati yao ni dhaifu. Hizo sehemu zilizojitenga ndo zinaitwa fezi. Mashine inazungusha, joto lipo la kutosha, macho yako yanaona uji mmoja mzito wa rangi moja, lakini ndani mle hazijakubaliana hata kidogo.

Kwa nini? Molekuli ya plastiki ni mnyororo, tena mrefu haswa, viungo maelfu kwa maelfu. Chukua vitu vyenye molekuli ndogo, spiriti na maji mfano, kila kimolekuli kiko huru kwenda kinakotaka, kwa hiyo kuna namna nyingi mno za kujipanga wakichanganyika na maumbile yanapenda huo wingi wa namna. Kwenye plastiki viungo vimefungwa pamoja, kimoja hakiendi mahali bila jirani yake, kwa hiyo ile faida ya kuchanganyika inapungua mpaka inakaribia sifuri, na hapo hata kutopendana kidogo tu kati ya aina mbili kunatosha kuzitenganisha. Hesabu hii waliifanya Paul Flory na Maurice Huggins, kila mmoja kivyake, mwanzoni mwa miaka ya 1940, na Flory akaja kupewa Nobel ya kemia mwaka 1974. Nawatajia ili mtu asije akafikiri tatizo ni mashine yake ya bei rahisi. Hata ungekuwa na mashine ya Ujerumani ya mabilioni, hazichanganyiki.

Mfano unaowahusu nyie kila siku ni polithini na polipropilini. Dumu ni polithini nzito, ile yenye namba 2 kwenye pembetatu chini, vikombe vingi vya mtindi na ndoo nyingi ni polipropilini, namba 5. Hizi ni ndugu kabisa, zote ni kaboni na haidrojeni tu hakuna kingine, hata historia zao zimekaa pamoja, Karl Ziegler mwaka 1953 alipata kichocheo cha kutengeneza polithini bila presha kubwa, mwaka uliofuata Giulio Natta akakitumia kichocheo cha namna hiyo kwa polipropilini, wote wawili wakagawana Nobel ya 1963. Tofauti yao ni kitawi kimoja kidogo, kila baada ya kaboni moja kwenye mnyororo wa polipropilini kuna katawi ka kaboni moja pembeni. Basi. Hako katawi kanatosha zisiungane. Afu kwenye kupoa ndo mambo yanaharibika zaidi, polipropilini inaganda kwanza maana yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 160 na kidogo, polithini nzito inayeyuka kwenye kama 130, kwa hiyo moja imeshakuwa ngumu mwenzie bado majimaji.

Zipo zinazokubaliana, nisiwadanganye. Kuna inaitwa polifenilini oksaidi, inaungana kabisa na polistairini kwa kiwango chochote unachotaka, Wamarekani walianza kuiuza kwa jina la Noryl miaka ya 1960. Maabara wanajuaje kama zimeungana? Wanapima joto ambalo plastiki inatoka ugumu wa kioo inaanza kulainika. Mchanganyiko ukionyesha majoto mawili tofauti, kila moja pale pale ilipokuwa mwanzo, basi ni fezi mbili. Ukionyesha joto moja la katikati, hizo zimeungana kweli. Lakini hizo ni chache, na sidhani kama kuna mtu hapa Tanga anaziokota kwenye dampo.

Sasa sura ya ndani ikoje. Sisi watu wa pwani tuna bahati, nikisema bahari na visiwa hakuna anayehitaji kuchorewa, ukisimama ufukweni hapa mjini unakiona kisiwa cha Toten kile pale. Ukikata kipande cha mchanganyiko ukakiweka chini ya darubini yenye nguvu ndo unachokiona, plastiki moja ni bahari iliyoenea kila mahali, nyingine ni visiwa vya duara vimetapakaa ndani yake, vingine mikroni moja, vingine kumi, vingine hamsini. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Na kipande chenu kitakuwa na tabia ya nani? Ya bahari kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kwenye kila mchanganyiko ni nani bahari hapa.

Wengi mtasema aliye mwingi ndo bahari, na mara nyingi ni kweli, ila sio wingi peke yake, kuna mnato pia, yaani uji unavyogoma kutiririka. Yule anayetiririka kirahisi akiyeyuka anapenda kuwazunguka wenzake. Na angalieni mtego ulipo. Dumu limetengenezwa kwa kupulizwa, plastiki ya kupuliza inachaguliwa ile yenye mnato mkubwa ili isidondoke kabla moldi haijafunga. Kikombe cha mtindi ni kitu chembamba, plastiki yake inachaguliwa ile nyepesi kutiririka ijaze moldi haraka. Ukizisaga pamoja, hesabu ya haraka wanayotumia mafundi wa maabara ni kwamba uwiano wa wingi ambapo bahari inabadilisha mwenyewe unafuata uwiano wa mnato, kwa hiyo kama ya dumu ina mnato mara tatu ya ile ya kikombe, basi vikombe vikifika robo tu ya mchanganyiko mambo yanaanza kugeuka. Yaani wewe unajua umetengeneza mbao ya madumu yenye vikombe kidogo, kumbe ndani umetengeneza mbao ya vikombe yenye visiwa vya dumu! Na karibu na hapo pa kugeukia hakuna bahari wala kisiwa, zote mbili zimeenea zimesukana, hapo kipande kinakuwa na tabia ambayo leo hivi kesho vile, kulingana na joto la siku hiyo na aliyekuwa anapakia mashine.

Jambo la pili ni ukubwa wa visiwa, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo penye hela. Kisiwa kikiwa ndani ya uji unaozungushwa kinavutwa, kinarefuka, kinakatika vipande viwili, kila kipande kinakatika tena. Kinachokivuta ni mnato wa bahari na kasi ya kuzungusha, kinachokirudisha kuwa duara ni mvutano wa mpakani, ile nguvu ya pale plastiki mbili zinapokutana inayotaka mpaka uwe mdogo. Mwingereza mmoja, G. I. Taylor, aliyachunguza haya kwa matone ya majimaji mwaka 1934 na mpaka leo watu wa plastiki wanatumia hesabu zake. Visiwa vinakuwa vidogo zaidi pale minato ya hao wawili inapokaribiana. Kisiwa kikiwa na mnato unaozidi bahari kama mara nne hivi, kwa mzunguko wa kawaida wa skrubu ya mashine hakikatiki tena, kinajizungukia tu kimetulia, unaweza kukizungusha mpaka Ijumaa ijayo unachoma umeme bure.

Na hata ukifanikiwa kuvikatakata, kuna adui mwingine wa kimya kimya. Uji ukiacha kuzungushwa huku bado uko moto, visiwa vinakutana vinaungana, vinakuwa vikubwa tena. Sasa nyie mnatengeneza nini? Nguzo nene za uzio, mbao nene. Uji unaingia kwenye moldi, unatumbukizwa kwenye tangi la maji, ngozi ya nje inapoa fasta lakini moyo wa nguzo unabaki moto muda mrefu sana, plastiki haipitishi joto kirahisi. Kwa hiyo nje una visiwa vidogo vilivyonyooshwa, ndani una visiwa vinene. Yule bwana aliyesema nguzo yake ukiikata kwa msumeno katikati inamegeka lakini pembeni haimegeki, jibu lako ndo hilo. Siwezi kukwambia upoze haraka zaidi maana unene ni unene, ila usiache uji ukae kwenye pipa la moto unasubiri chai iishe, mimina wakati bado unasukumwa.

Haya, nguvu sasa. Nimewaona hapa wakati wa kuingia, kila mtu akishika kipande anakibonyeza na kukikunja taratibu, kikigoma anatikisa kichwa, kizuri. Kipimo hicho kinadanganya. Ugumu wa kukunja taratibu, ule unaopimwa kwa kuvuta kidogo tu, hauhitaji mpaka kati ya bahari na kisiwa uwe imara, kwa hiyo mchanganyiko mbovu kabisa bado utakupa ugumu wa katikati ya hao wawili, kama vile kila kitu kiko sawa. Kinachokufa ni vitu viwili, kurefuka kabla ya kukatika na kuvumilia kugongwa. Polithini nzuri peke yake ukiivuta inarefuka mara kadhaa ya urefu wake, iweke polipropilini theluthi bila kitu cha kuzishikanisha inaweza kukatika ikiwa imerefuka kidogo sana, hata kabla jicho halijaona. Maana ukivuta sana, ule mpaka kati ya bahari na kisiwa ndo unaachia kwanza, kila kisiwa kinabanduka kinaacha tundu, matundu yanaungana, ufa umepata njia. Kwa hiyo mnunuzi akija ukambonyezea kipande hujamuonyesha kitu. Kiangushie uzito, toka urefu ule ule, kila siku, kila pipa. Jiwe la mizani la kilo tano na kamba na bomba la kuliongoza vinatosha.

Mpaka hapa mtasema mchanganyiko ni mbaya, tuuache. Ngojeni. Nani ana bodaboda? Na nani anauza spea za magari hapa? Sawa. Bampa la gari la Kijapani, ukiligeuza ndani utakuta maandishi yamechapwa, kama >PP+EPDM-T20<. Hiyo ni polipropilini, imechanganywa na mpira unaoitwa EPDM, afu unga wa talki asilimia 20 wa kuongeza ugumu. Ni mchanganyiko, ni bahari na visiwa, na imefanywa makusudi na watu wanaolipwa vizuri! Polipropilini peke yake kwenye baridi inakuwa ya kuvunjika, visiwa vya mpira vinaifanya ivumilie. Na kava nyingi ngumu za pikipiki zimeandikwa >ABS<, hiyo ni plastiki ngumu ya jamii ya polistairini ndani yake kuna visiwa vya mpira vidogo sana, chini ya mikroni moja, na kila kisiwa kimepandikizwa minyororo ya bahari juu yake, kemikali imewafunga. Zile tofali za kuchezea za Lego ni ABS tangu mwaka 1963, mnajua zinavokanyagwa.

Ukikunja plastiki ya namna hiyo pale inapokunjika panakuwa peupe. Kile cheupe sio uchafu. Ni maelfu ya nyufa ndogo ndogo mno zilizoanzia kwenye visiwa vya mpira, kila moja inakula nguvu ya pigo kidogo, na kila moja inasimama ikifika kisiwa kinachofuata, kwa hiyo badala ya ufa mmoja mkubwa unaokata kipande unapata nyufa nyingi zisizofika popote. Mimi hii naiona ni akili kubwa kuliko vitu vingi vinavyosifiwa, na hata watu wa viwandani wengi hawaijui, wanajua tu ABS ni imara. Tofauti ya kava la bodaboda na ile mbao iliyovunjika kwenye benchi haiko kwenye kuchanganya, zote zimechanganywa, tofauti ni ukubwa wa visiwa na kama vimeshikwa.

Kuvishika kunataka mpatanishi, wenyewe wanaita kompatibilaiza. Ni molekuli yenye sehemu mbili, upande mmoja unapenda bahari, upande mwingine unapenda kisiwa, kwa hiyo inakwenda kukaa mpakani, mguu mmoja huku mwingine kule. Inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, inapunguza ule mvutano wa mpakani kwa hiyo visiwa vinakatika vidogo zaidi, na inazuia visiwa kuungana tena, juu ya hayo inashona mpaka. Mwaka 2017 timu ya watu wa vyuo vya Cornell na Minnesota kule Marekani walitengeneza mpatanishi wa polithini na polipropilini, mnyororo mmoja wenye vipande vya huyu na vipande vya yule kwa zamu, wakaweka kiasi kidogo sana, asilimia chache tu na hata chini ya hapo, na mchanganyiko uliokuwa unakatika kirahisi ukawa unarefuka kwa namna ya plastiki safi. Ile ni ya maabara, sio kitu cha kwenda kuagiza duka la Chumbageni kesho. Ila aina nyingine zinauzwa, kuna polipropilini iliyopandikizwa kemikali inayoitwa maleiki anihidraidi, hiyo inashika nailoni kwa kemikali kabisa, inafaa kwa wenye nyavu chakavu za nailoni.

Na hiyo hiyo inashika katani! Hapa naongea na watu wa Tanga jamani, mkonge umekuja huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, tumeulima zaidi ya miaka mia tunauza kamba. Nyuzi za katani ndani ya polipropilini zinaongeza ugumu vizuri, lakini uzi wa katani unapenda maji na plastiki haipendi, kwa hiyo bila mpatanishi unateleza unachomoka ukivutwa. Ukaushe kwanza haswa, unyevu ukibaki unatoa mvuke na matundu. Na usipite nyuzi joto 200 kwa muda mrefu maana uzi unaungua unanuka, kwa hiyo sahau kabisa kuuweka na chupa za maji.

Chupa za maji, ndio, niliseme hili kwa ukali kidogo. Chupa ya maji ni PET, namba 1, inayeyuka kwenye kama nyuzi 250 na zaidi. Mashine zenu za madumu zinakwenda 180, 200. Kwa hiyo PET ikiingia mle haiyeyuki, haiwi hata kisiwa, inabaki kokoto ndani ya mbao na kila kokoto ni mahali pa ufa kuanzia. Ukisema basi napandisha joto, polithini yako inaanza kuharibika, na kama kuna kipande cha PVC, namba 3, bomba au nini, chenyewe kinatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kula chuma cha mashine, na hiyo asidi inaikata minyororo ya PET vile vile. Msicheze na PVC. Kutenganisha mbona rahisi, pipa la maji tu, vifuniko na madumu vinaelea, PET inazama maana yenyewe ni gramu 1.38 kwa sentimita ya ujazo. PVC nayo inazama, hapo ndo macho yatumike. Na polithini na polipropilini zote zinaelea, maji hayatawasaidia kuzigawa, zigawe kabla ya kusaga wakati namba bado inasomeka, ukishasaga umekwisha.

Maswali yalikuwa mengi, naweka machache.

Mama mmoja anayenunua kwa kilo kutoka kwa vijana wa Makorora na Mwang'ombe aliuliza, mwanangu, kwa hiyo unataka nitupe nusu ya mzigo? Nikamwambia hapana mama yangu, mzigo uliochanganyika nao una kazi yake, ila sio kila kazi. Kitu kinene, kinachobeba uzito uliotulia, hakigongwi, mfano nguzo ya uzio, kingo ya bustani, chungu cha maua, hapo mchanganyiko wa namba 2 na 5 unakaa vizuri tu, ugumu upo na unene unafidia. Ndoo, kreti za soda, kiti, kitu chochote chembamba au kinachoangushwa, hapo aina moja tu. Kwenye bei nae awe hivo hivo, mzigo safi wa madumu na mzigo wa mchanganyiko ni bidhaa mbili, asiviweke kwenye mizani moja. Akasema wale vijana watanuna. Watanuna, ndio, mpaka waone bei ya ule safi.

Mzee mmoja, fundi wa mashua wa kule Sahare, akasema mbona Lamu walitengeneza jahazi zima la plastiki za kuokota na likaelea. Swali zuri sana hilo. Lile ni Flipflopi, lilizinduliwa 2018, urefu wa mita 9 hivi, kama tani 10 za plastiki, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Lakini mzee wangu angalia uzito huo kwa urefu huo, mbao zake ni nene kweli, mzigo unagawanyika, na mafundi wake walilichonga kwa mkono hatua kwa hatua sehemu kwa sehemu. Nikamwambia na kitu kingine, plastiki hizi zinalegea taratibu chini ya uzito wa kudumu, hasa kwenye jua la huku, kwa hiyo asifunge misumari akaiacha anavofunga kwenye mvule. Tukabishana kidogo habari ya misumari, yeye anajua zaidi, nikamwachia.

Swali la mwisho alitoa kijana wa spea, nadhani alikuwa ananisubiri toka niliposema bampa. Kauliza, bampa zilizovunjika tunazo rundo pale gereji, tunazichoma, je zikisagwa zikawekwa kwenye mchanganyiko wa madumu na vikombe? Nikamwambia kaka umenifurahisha. Ule mpira wa ndani ya bampa umetengenezwa kwa ethilini na propilini zote mbili, kwa hiyo unaelewana kiasi na polithini na unaelewana kiasi na polipropilini, na mpira wa jamii hiyo umetumika miaka mingi viwandani kama mpatanishi wa hao wawili. Sio mzuri kama ule wa Marekani, na mbao itapungua ugumu kidogo, ila itaacha kukatika kizembe. Atengeneze mbao tatu kwa joto moja na moldi moja, ya kwanza bila bampa, ya pili na bampa kidogo, ya tatu na bampa nyingi kidogo, afu jiwe liangushwe kwa zote. Aangalie pia wakati wa kuosha, ule unga wa talki unaipa bampa uzito, vipande vyake vinazama na PET, atavitupa bila kujua kama anategemea pipa la maji. Na rangi ikwanguliwe kwanza, rangi ya gari haiyeyuki kwenye joto letu, itabaki magamba mle ndani na itamrudisha kwenye yale yale ya kokoto za PET.